Mwezi Unaoipanga Pasaka

Watoto, Krismasi haihami: kila mwaka ni tarehe 25 Desemba. Mbona Pasaka huhamahama? Mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, mwaka 2025 ikawa 20 Aprili. Anayeihamisha ni mwezi, huu wa angani. Yesu alikufa na kufufuka wakati wa Pasaka ya Wayahudi, nao huihesabu kwa mwezi mpevu. Kwa hiyo Kanisa hungoja mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au unaofuata tarehe hiyo, na Dominika inayofuata ndiyo Pasaka. Mwaka 325 maaskofu waliokutana Nisea walikubaliana Wakristo wote waiadhimishe siku moja.

Pasaka ikishajulikana, tunahesabu kurudi nyuma hadi Jumatano ya Majivu. Hesabuni wenyewe: mtapata siku 46. Toeni Dominika sita, maana kila Dominika ni ukumbusho wa ufufuko, zinabaki 40, kama siku ambazo Yesu alifunga jangwani. Hiyo ndiyo Kwaresima. Majivu mnayopakwa yametoka kwenye matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita yaliyochomwa. Padre huvaa zambarau, na Aleluya haiimbwi kabisa.

Kisha huja usiku ninaoupenda kuliko yote, Mkesha wa Pasaka. Taa zote za kanisa zimezimwa. Nje unawashwa moto, moto unauwasha mshumaa mkubwa wa Pasaka, na mshumaa huo unaingia gizani ukitangulia watu. Mmoja anawasha wake, anampa jirani mwanga, jirani anampa mwingine, mpaka kanisa zima linang'aa. Kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi Kuu zinalia. Aleluya inarudi, na watu wanaiimba kwa nguvu zote. Wanaobatizwa usiku huo wanazaliwa upya palepale, mbele ya macho yenu. Jamani, msikubali kulala!

Shangwe hiyo haiishi asubuhi. Ni siku 50 za mavazi meupe, hadi Pentekoste, siku ya nyekundu, rangi ya moto wa Roho Mtakatifu.

Baadaye kijani hukaa miezi mingi. Wengine hukiona kipindi hiki cha kawaida kuwa kitupu; mimi nakataa. Ndipo tunapotembea na Yesu kijiji kwa kijiji, mwaka mmoja kwa Injili ya Matayo, mwingine ya Marko, mwingine ya Luka. Na katikati nyekundu hurudi kwa ajili ya mashahidi. Tarehe 3 Juni tunawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake wa Uganda. Kizito, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, rika la baadhi yenu.

Kijani hufikia mwisho na Kristo Mfalme, sikukuu iliyowekwa na Papa Pius wa 11 mwaka 1925. Dominika inayofuata zambarau inarudi: ni Majilio, mwaka mpya wa Kanisa, wiki nne za kumngoja Mtoto Yesu. Dominika ya tatu, padre akitokea amevaa rangi ya waridi, msishangae. Noeli imekaribia, na Kanisa limeshindwa kuificha furaha yake.