Mwanga mpana na mwanga wa mbali (tochi)

Mwanga mpana na mwanga wa mbali ni namna mbili kuu ambazo tochi ya LED hutoa mwanga wake. Tochi ya mwanga mpana huangaza eneo kubwa lililo karibu. Tochi ya mwanga wa mbali hukusanya mwanga katika duara dogo na kuufikisha mbali. Kwa mtu anayetembea au kulinda mifugo usiku, tofauti hiyo inaweza kuamua kama ataiona hatari mapema au atachelewa.

Jinsi mwanga unavyoundwa

LED yenyewe hutawanya mwanga upande wote wa mbele. Umbo la mwanga huamuliwa na bakuli la kuakisi au lenzi. Bakuli pana, lenye kina na uso laini kama kioo, likiwa na LED ndogo, hutoa mwanga mwembamba wa mbali. Bakuli dogo, au lenye vinundu kama ganda la chungwa, hutoa mwanga mpana zaidi. Baadhi ya tochi zina kichwa cha kuvuta ili kubadili upana. Nyingi kati ya hizo hupoteza sehemu ya mwanga zinapobana duara.

Vipimo

Lumeni hupima jumla ya mwanga unaotoka kwenye tochi. Kandela hupima ukali wa mwanga unaoelekea upande mmoja. Hivyo tochi mbili zenye lumeni 300 kila moja zinaweza kutofautiana sana kwa umbali.

Kwa kipimo cha ANSI FL 1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009, umbali wa tochi huishia pale ambapo mwanga umepungua hadi luksi 0.25, karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Umbali huo kwa mita ni kipeuo cha pili cha kandela, mara 2. Kandela 2,500 hufika mita 100, na kandela 10,000 hufika mita 200. Maana yake, ili umbali uongezeke mara 2, kandela lazima ziongezeke mara 4. Mwishoni mwa umbali huo mwanga ni hafifu. Ili kutambua kitu vizuri ni lazima kiwe karibu zaidi.

Matumizi

Lalago ni kata ya Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, ambako watu wengi ni wakulima na wafugaji. Huko aina zote mbili zina kazi.

Njiani, hatari kubwa iko karibu na miguu. Kuumwa na nyoka kuliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Duara dogo lenye mwanga mkali huumiza macho na kuacha kingo za njia gizani. Mwanga mpana huonyesha njia na nyasi za kando kwa pamoja. Unafaa pia kukamulia, kupikia na kusomea.

Kwenye zizi, mwanga wa mbali hufaa zaidi. Macho ya fisi huakisi mwanga, hivyo huonekana yaking'aa kabla mwili haujaonekana. Lakini macho ya ng'ombe, mbuzi na mbwa hung'aa pia, kwa hiyo mng'ao pekee hautoshi kumtambua mnyama.

Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, tochi kali hutumika pamoja na kelele kufukuza tembo mashambani. Hapo umbali ni usalama: anayelazimika kusogea ili amwone tembo amekwisha kujiweka hatarini. Kinyume chake, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hutumia taa za mwanga mpana, zamani karabai na sasa nyingi za LED, ili kuvuta dagaa kutoka pande zote.

Kuchagua

Kabla ya kununua, tochi iwashwe mahali penye giza ikielekezwa ukutani, kwa umbali wa mita 2 au 3. Duara dogo kali lenye giza pembeni ni mwanga wa mbali; mwanga uliosambaa sawasawa ni mwanga mpana. Namba kubwa ya lumeni kwenye boksi haionyeshi tofauti hiyo.

Kaya yenye uwezo wa tochi moja tu hufaidika zaidi na yenye kiini cha wastani na mwanga wa kutosha pembeni. Wenye mifugo wanaweza kuongeza ya mwanga wa mbali na kuiweka karibu na mlango, ikiwa na chaji.