Utangulizi: Maleba ya Watoto na Nguo Kuukuu

Kitabu hiki kinahusu shati la baba lililogeuka koti la daktari, khanga ya bibi iliyokuwa joho la mfalme, na soksi zisizo na wenzake zilizopata kazi ya masikio ya sungura. Maleba ni sehemu ya sanaa za maonyesho, lakini hapa tunayatafuta kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na kwa mama yake mwenye sindano ya mkono. Tutakuwa zaidi Chanika, mjini Handeni, na njiani kuelekea Korogwe, ambako mitumba ni nguo ya kila siku na mafundi cherehani hawakosi.

Wataalamu wamelizunguka jambo hili muda mrefu bila kuliingia. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, aliifuata ngoma ya beni kutoka pwani ya Kenya hadi bara ya Tanganyika, akaonyesha jinsi wachezaji walivyovaa kama maofisa wa jeshi ili wajipatie heshima. Mwaka 2000 Karen Tranberg Hansen alitoa kitabu kiitwacho Salaula, kuhusu mitumba ya Zambia, na kutoka kwake tunajifunza kwamba anayenunua nguo iliyovaliwa huichagua kwa jicho kali, huikata na kuipa maana yake mwenyewe. Kazi zote mbili zinawahusu zaidi watu wazima. Mimi nadai kwamba ujuzi huohuo umo katika maleba ya mtoto, na kwamba kwa kazi hii nguo kuukuu ni bora kuliko kitambaa kipya.

Chukua shati jeupe la mikono mirefu. Limelainika kwa kufuliwa, halitamkwaruza mtoto. Huchakaa kwanza kwenye kola, viwiko na ncha za mikono. Mgongo hubaki mzima kwa kuwa hausuguliwi sana. Fumua kola, kata mikono juu kidogo ya viwiko, kisha mvalishe mtoto kinyumenyume: mgongo ule mzima uwe mbele, safu ya vifungo iwe nyuma. Mikono iliyobaki itamfika karibu na kiganja. Umepata koti la daktari, na kwa shati refu zaidi, kanzu. Tena umeshinda kikwazo ambacho wanaoanza kushona hawakitarajii: kichwa cha mtoto ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake, hivyo shingo inayomkaa vizuri mara nyingi haipiti kichwani. Vifungo vya nyuma vinamaliza shida hiyo bila zipu wala lastiki.

Suruali huisha magotini na makalioni. Chini ya goti kuna kitambaa cha kutosha kofia ya askari. Khanga iliyochanika mjini, yaani sehemu yake ya katikati, bado ina pindo, na pindo hutosha mkanda, kilemba na ukingo wa joho. Kisha kuna katani. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, na Korogwe ikawa miongoni mwa wilaya za mashamba yake. Kwa ndevu za mzee au manyoya ya shingo ya simba, sijaona cha kushindana na nyuzi zake.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Maigizo ya Krismasi yana mishumaa. Kabla ya kukata nguo, vuta uzi mmoja na uuchome mbali na watoto: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuganda kama kokwa ngumu. Ya pili isisogee karibu na moto, hata ikipendeza vipi.

Ugumu wa somo hili ni kwamba ushahidi wake haudumu. Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, ikipita, maleba hufumuliwa: vifungo hurudi koponi, kitambaa huwa dekio. Kwa hiyo nakuomba, mwalimu, mzazi au mwanafunzi unayesoma kurasa hizi: kabla hayajafumuliwa, yapige picha, kisha andika yalitokana na nguo gani, yalishonwa na nani, mwaka gani, na mtoto aliigiza nini.