MMEA MMOJA, MAJANI YA AINA MBILI: HEWANI NA MAJINI

Mtahiniwa, umezoea swali linalolinganisha mmea wa nchi kavu na mmea wa majini. Je, ukiulizwa kuhusu mmea mmoja unaoishi kote kuwili? Aliyekariri orodha atakwama; aliyeelewa sababu atajibu.

Mfano mzuri ni Rotala rotundifolia, mmea wa Asia unaopandwa sana katika matangi ya samaki wa mapambo. Kwa asili huota sehemu zenye majimaji. Shina likiwa juu ya maji, majani yake huwa ya mviringo. Likizama, majani mapya huwa membamba na laini zaidi.

Sababu ni tatu:

1. Upotevu wa maji. Hewani jani hupoteza maji kwa njia ya mvuke, hivyo lina utando wa nta na stomata za kudhibiti upotevu huo. Majini hakuna hatari ya kukauka. Utando ni mwembamba sana, na stomata ni chache au hazipo.

2. Upatikanaji wa kabonidayoksaidi. Gesi hii husambaa majini polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Jani jembamba huirahisishia kupenya moja kwa moja hadi kwenye seli zinazofanya usanisinuru.

3. Uegemezo. Hewani shina hujibeba lenyewe, hivyo huhitaji zailemu imara. Majini hubebwa na maji, na zailemu huwa dhaifu. Ndiyo maana shina la majini ukilitoa nje hulala na kunyauka upesi.

Swali la mfano
Wakulima wengi wa mimea ya matangi huikuza juu ya maji. Asha alinunua mmea wa aina hiyo, akauzamisha kwenye tangi. Baada ya wiki mbili majani yalioza, lakini ncha ya shina ilitoa majani mapya.
(a) Kwa nini wakulima huikuza juu ya maji? (alama 2)
(b) Eleza kilichotokea kwenye tangi. (alama 4)

Majibu
(a) Hewani kabonidayoksaidi hupatikana kwa urahisi, hivyo mmea hukua haraka. Pia majani hayaoti mwani.
(b) Majani ya zamani yaliumbwa kwa ajili ya hewani. Yakiwa majini, utando wa nta huzuia gesi kupenya, usanisinuru hupungua, majani hufa. Ncha ya shina ina seli zinazogawanyika, nazo huunda majani yanayofaa majini.

Angalia usipoteze alama
Usiandike kwamba majani ya zamani yaligeuka kuwa membamba: jani lililokwisha kukomaa halibadili umbo. Usiandike pia kwamba jeni za mmea zimebadilika. Jeni ni zilezile. Mazingira ndiyo yaliyoamua jani lipi liundwe. Wala usiseme mmea umekufa, kwa sababu ncha ya shina bado i hai.