Uthabiti wa Mawe katika Tangi la Samaki Wachimbaji

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi ya kupanga mawe na mchanga katika tangi la kioo la kufugia samaki wa jamii ya siklidi. Jamii hii si ngeni kwetu. Ngege na sato tunaowala ni wa jamii hiyo, na vivyo hivyo furu wa Ziwa Viktoria, ambao Waluo huwaita fulu. Wanaisimu huenda wakavutiwa kujua kwamba mwaka 1998 wataalamu walipoainisha upya furu wa miambani, jenasi mojawapo waliipa jina Pundamilia, na ndani yake yumo Pundamilia nyererei, anayebeba jina la Mwalimu Nyerere. Kiswahili, basi, kimeingia tangini kabla yetu.

Siklidi wengi huchimba. Chombo chao ni kinywa: samaki huchota mchanga, husogea kando kidogo, kisha huutema. Dume la ngege huchimba shimo la duara ili kumvutia jike. Siklidi wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono hufukua mchanga chini ya gamba mpaka likazama, mdomo wake ukabaki wazi. Wengine hufukua chini ya jiwe ili wapate pango. Kazi hii huendelea mchana kutwa, na ndiyo kiini cha tatizo letu.

Aghalabu mfugaji mgeni humwaga mchanga kwanza, akausawazisha, kisha akapanga mawe juu yake. Kwa macho, mpangilio huo hupendeza. Hata hivyo, jiwe hilo limesimama juu ya kitu ambacho mwenyeji wa tangi anakihamisha. Siku moja upande mmoja hubaki bila egemeo na jiwe huanguka. Maji hupunguza uzito wa jiwe, lakini hayauondoi: jiwe la itale lenye kilo 8 hewani bado lina takriban kilo 5 ndani ya maji. Uzito huo watosha kumponda samaki aliye pangoni, na ukigonga kioo kwa ncha waweza kukipasua. Tangi la urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kimo cha 50 hubeba lita 250, yaani kilo 250 za maji, ambazo zote zitakuwa sakafuni.

Dawa yake ni kugeuza mfuatano wa kazi. Tandika kwanza kipande cha plastiki juu ya kioo cha chini, ili punje ya changarawe au ncha ya jiwe isikandamize kioo mahali pamoja. Juu ya plastiki weka mawe makubwa na mapana, kila moja likikaa kwa sehemu tatu au zaidi. Lisukume kwa mkono, likitikisika, ligeuze. Mawe madogo hufuata juu, bila kuegemezwa kwenye kuta za kioo. Anayelifahamu jabali la Kit Mikayi, karibu na Kisumu, ataelewa ninachokusudia: mwamba umekaa juu ya mwamba. Palipo na shaka, unganisha mawe kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu, uiache ikauke kabisa kabla ya kutia maji.

Mchanga humwagwa mwisho, ukazunguka miguu ya mawe. Uwe laini, uliooshwa mpaka maji yatoke safi, wenye kina cha sentimita 5 hivi. Samaki akichimba hadi chini, atakuta plastiki, na jiwe halitasogea. Usijaribu kumzuia kwa kokoto nzito. Kumnyima mchanga ni kumnyima desturi zake za kuzaa. Mwachie uwanja mpana ulio wazi.

Mimea ya kupandwa mchangani itang'olewa. Afadhali ile inayofungwa kwenye jiwe kwa uzi, kama anubiasi. Mdomo wa kichujio nao uinuliwe juu ya mchanga, la sivyo utazibwa.

Uangalifu huu una uzito wa pekee kwa wanaofuga furu. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na alipoongezeka mno katika miaka ya 1980 furu walipungua vibaya. Spishi nyingi hazikuonekana tena. Baadhi ya zilizosalia zimetunzwa kwa vizazi kadhaa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Hapo jiwe likianguka huenda likampata samaki ambaye si rahisi kumpata kwingine.

Katika majuma ya kwanza mfugaji atakuta sakafu imebadilika kila asubuhi: mashimo hapa, vichuguu kule. Asihangaike kusawazisha. Achunguze tu kama mawe yangali mahali pake.