Fahamu: Rungwa si hifadhi ya taifa, basi inalinda nini?

Rungwa ni nini?
Ni pori la akiba lililopo kusini mwa mkoa wa Singida, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Rungwa iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Ruaha, iliyoanzishwa 1964, iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).

Tofauti iko wapi?
Hifadhi ya taifa hairuhusu uwindaji. Pori la akiba huruhusu uwindaji wa kitalii, kwa kibali. Tembo hawajali mpaka kati ya Rungwa na Ruaha: Rungwa na mapori jirani ya Kizigo na Muhesi huwapa nafasi ya kufuata maji na malisho. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kuliko hata fedha za vitalu vya uwindaji.

Na vichaka vya Itigi, jirani na Rungwa?
Uoto huu mnene, unaopukutisha majani kiangazi, ni adimu; wa aina yake uko pia Zambia. Sehemu kubwa haimo hifadhini, na hufyekwa kwa mashamba.