Gari Kuukuu Lenye Kutu: Tuanze Kukagua Chini



Vijana mafundi wa Kawajense, mjini Mpanda, wametuomba ushauri. Wameonyeshwa Land Rover ya zamani iliyolala kwenye majani kwa miaka mingi. Bei yake ni ndogo. Wanataka kuinunua, kuifufua huku wakijifunza kazi, kisha kuiuza. Wazo ni jema, lakini fedha ni za washarika na wafadhili. Kwa hiyo tunaeleza hapa mambo ambayo kila kamati inapaswa kuyajua kabla ya kulipa.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Miaka iliyopita tulinunua gari la namna hiyo. Injini ilipowaka tulishangilia, tukanunua matairi na rangi. Fundi alipoliinua kwa jeki, fremu ilikatika. Fedha zilikuwa zimekwisha, na gari likauzwa kama chuma chakavu. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

Kosa letu lilikuwa kuamini macho. Tangu Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948, sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini fremu inayobeba gari zima ni ya chuma, na tope la masika likinasa ndani yake, huila polepole kutoka ndani. Bodi huonekana nzima huku mifupa imeoza.

Magari ya mbio nayo hayasalimiki. Datsun 240Z ilishinda East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Leo wapenzi wa magari ya kale huitafuta sana, lakini sifa yake nyingine ni kutu: sakafuni, chini ya milango na chini ya betri. Gari hilo halina fremu ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo nguvu yake. Sakafu ikioza, gari zima limedhoofika.

Basi kamati ifanye hivi:

1. Gari liinuliwe, na tope lote liondolewe.
2. Fremu igongwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia wazi. Kilichooza hutoa sauti nzito. Palipo na shaka, pachomwe kwa bisibisi.
3. Namba ya fremu ilinganishwe na kadi ya gari. Pasipo kadi halali, msinunue.
4. Gharama za kuchomelea, spea, usafiri na ufundi ziandikwe, pamoja na akiba ya dharura. Bei ya kununua mara nyingi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.
5. Kazi ianze kwenye fremu, ifuate breki na usukani, kisha injini. Rangi iwe ya mwisho.

Vijana wa Kawajense wamekwisha kuliinua gari lao. Fremu kuu inalia vizuri; kipande cha nyuma kimeoza na itabidi kikatwe na kuwekwa kipya. Sasa wanaandaa bajeti, nasi tutaipitia pamoja nao kabla shilingi moja haijatoka.