Utafutaji wa Vishikilia Funguo katika Mfumo wa Uendeshaji: Mazingatio kwa Huduma za Kidijitali Mpakani Rusizi

Utangulizi

Wilaya ya Rusizi inapakana na mji wa Bukavu, na wafanyabiashara wadogo huvuka kila siku katika vituo vya Ruzizi I na Ruzizi II. Ushirika unaohifadhi majina na nambari za vitambulisho vyao katika kompyuta hubeba wajibu wa kisheria. Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inamtaka mdhibiti wa data binafsi azilinde, na uvujaji ukitokea aiarifu mamlaka ya usimamizi ndani ya saa 48 baada ya kuubaini. Swali la kiufundi ni hili: nywila inayofungua hifadhidata hiyo ikae wapi? Makala hii inafafanua jibu linalotolewa na mfumo wa Linux.

Mpangilio wa utafutaji

Tangu toleo la 2.6.10 la mwaka 2004, kiini cha Linux huweza kutunza siri katika kumbukumbu yake, zikiwa zimepangwa katika vishikilia funguo. Programu huomba ufunguo kwa kutaja aina na jina lake. Kiini huanza kutafuta katika kishikilia cha uzi wa utekelezaji, kisha cha mchakato, kisha cha kipindi cha kazi. Kila ufunguo una ruhusa zake, na ruhusa ya kutafuta ni tofauti na ya kusoma. Ombi likishindikana, jibu hubainisha iwapo ufunguo haupo, umekwisha muda au umebatilishwa.

Chanzo cha hitilafu

Chukua mfano wa fundi anayeweka ufunguo katika kipindi chake mwenyewe. Anaijaribu programu, nayo inafanya kazi. Usiku umeme unakatika. Kompyuta inapowaka tena, kumbukumbu imefutika. Hata fundi akiurudisha ufunguo katika kipindi chake, huduma iliyojianzisha katika kipindi kingine haiuoni. Foleni ikiwa ndefu, fundi huishia kuandika nywila katika faili la mipangilio, ambalo baadaye hunakiliwa pamoja na akiba. Hapo ndipo mlango wa uvujaji hufunguka, ilhali kiini kilitekeleza kazi yake ipasavyo.

Hitimisho

Vishikilia funguo havimzuii msimamizi mwenye mamlaka yote, wala haviiokoi programu iliyokwisha kutekwa. Hata hivyo, hupunguza mahali ambapo siri huachwa wazi. Kwa hiyo mikataba ya ununuzi wa mifumo ibainishe mambo matatu: ufunguo ni wa huduma ipi, unawekwa katika kishikilia kipi, na nani au nini huurejesha baada ya umeme kukatika. Jambo la tatu likiachwa bila jibu, mawili ya kwanza hayatadumu.